Sura ya Tano: Wali wa Ukwaju

Mvuje niliujua kwa pua kabla sijaujua kwa jina. Nyumbani kwetu Mwera, ng'ambo ya Mto Pangani ukishavuka kwenda Bweni, mtoto mchanga alifungwa kitambaa cheusi mkononi, na ndani ya kitambaa bibi alitia kipande cha utomvu mkavu, rangi ya kahawia, kinachonuka kama kitunguu saumu kilichosahauliwa kwenye unyevu. Kijicho na zongo, bibi alituambia, havikai penye mvuje. Mama wa mtoto alivumilia, baba alivumilia, na sisi tuliowabeba watoto wale mgongoni tulinuka mvuje mpaka shuleni.

Nilikuwa mtu mzima, nafanya kazi Dar es Salaam, nilipokutana na harufu ile tena, safari hii jikoni. Mwenzangu mmoja kazini, aliyetoka na familia yake Tamil Nadu, kusini kabisa mwa India, alinialika chakula cha mchana. Mkewe alikuwa amebandika kikaango cha mafuta. Akafungua kikopo kidogo, na nyumba nzima ikanuka mikono ya wadogo zangu.

"Shemeji, hii si dawa ya watoto?" nikamwuliza.

"Hii dawa ya wali," akanijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, akachota unga ule kwa ncha ya kijiko akautia kwenye mafuta. Kufumba na kufumbua uvundo ukaisha, ikabaki harufu tamu ya kitunguu kilichokaangwa kikakaangika, ilhali kitunguu hakikuwamo. Siku hiyo nilikula sahani tatu za wali wa rangi ya kahawia, mchachu, mkali, wenye karanga ndani yake, nikarudi nyumbani na karatasi niliyoandikia kila kitu nilichoona kikiingia chunguni. Karatasi ile imechakaa sasa, lakini ndiyo iliyozaa sura hii.

Watamil huuita wali huo puliyodarai. Jirani zao wa Karnataka husema puliyogare, wa Andhra husema pulihora, na kila upande unaamini wake ndio wenyewe. Puli kwa Kitamil ni ukwaju. Wali hupikwa kwa maji, hupozwa, kisha huchanganywa na rojo zito la ukwaju lililochemshwa pamoja na mafuta ya ufuta na viungo. Kwenye mahekalu ya Vishnu hugawiwa waumini baada ya kutolewa kwa mungu wao, na wapishi wa mahekalu ndio wanaosifiwa kwa kuupika. Kwa watu wa kawaida ni chakula cha safari: hufungwa katika jani la mgomba, mtu akapanda gari moshi asubuhi akala jioni, nao bado mzima. Siku ya 18 ya mwezi wanaouita Aadi, ambayo huangukia mwanzoni mwa Agosti, familia huenda kwenye kingo za Mto Kaveri kushukuru kwa maji mapya ya mto, zimebeba wali wa namna namna: wa ndimu, wa nazi, wa maziwa ya mgando, na huu wa ukwaju.

Sababu ya mvuje kuwamo ni hekalu. Wapishi wa hekaluni hawatumii kitunguu maji wala kitunguu saumu, na mvuje ukiingia kwenye mafuta ya moto huleta ladha inayokaribiana sana na ya vyote viwili. Nao si zao la kwao. Ni utomvu wa mizizi ya mimea ya ukoo wa karoti inayoota kwenye nyika kavu za Iran na Afghanistan. India, inayoula sana, haikuwa ikiulima hata kidogo. Watafiti wake walipanda mche wa kwanza Oktoba 2020, kwenye milima ya Himachal Pradesh. Karne zote hizo mvuje wa Mtamil na mvuje wa bibi yangu ulitoka upande ule ule wa dunia. Wao wakautia chunguni, sisi tukaufunga mkononi mwa mtoto.

Nilipoipitia karatasi yangu jambo hilo likajirudia mstari hadi mstari. Uwatu? Upo Mwera katika kila nyumba yenye mzazi, kwa ajili ya uji wa kumwongezea maziwa. Manjano? Tuliyasaga na liwa tukampaka bi harusi. Mafuta ya ufuta, ambayo wazee waliyaita mafuta ya uto na Unguja yalikamuliwa kwa vinu vilivyozungushwa na ngamia, sisi tumeyabakiza kwa kuchulia viungo vinavyouma. Watamil huyaita nallennai, mafuta mema, na ndiyo roho ya wali huu. Dengu, karanga, giligilani, pilipili kavu, haradali, vyote vipo sokoni Pangani au Tanga mjini. Hakuna kitu hata kimoja kwenye chungu kile ambacho mtu wa pwani hakijui. Tumevigawa tu: hivi vya jikoni, hivi vya dawa, hivi vya arusi.

Na ukwaju ni wetu. Mkwaju ni mti wa asili wa Afrika. Ulifika India maelfu ya miaka iliyopita, ukastawi mpaka dunia ikadhani ni wa huko. Waarabu waliuita tamr hindi, yaani tende ya Kihindi, na Linnaeus, Mswidi aliyeipa mimea majina ya Kilatini, akaliendeleza kosa hilo mwaka 1753 alipouandika Tamarindus indica. Sisi tuna Mkwajuni ya Kinondoni na Mkwajuni ya Unguja, tuna jagi la maji ya ukwaju kila futari, tuna mchuzi wa samaki unaokolea kwa ukwaju. Lakini kuuchemsha mpaka ukawa mzito kama asali, ukaupaka kila punje ya wali, hilo hatukulifanya. Naliona kuwa deni, na kulilipa ni rahisi.

Kwa nini basi puliyodarai haikutufikia, wakati pilau, biriani, chapati, bajia na kachori vimekuwa vyetu hata hatuulizi vilikotoka? Jibu liko kwa watu waliokuja. Wahindi waliofungua maduka Pangani, Tanga na Unguja walitoka hasa Gujarat na Kutch, kaskazini magharibi mwa India, na jikoni mwao ndimo tulimojifunza. Watu wa kusini walikuja wachache, na wakati mmoja walikuja wengi kwa njia mbaya. Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi Ras Kasone kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani, na miongoni mwa vikosi vilivyosafirishwa kutoka Bombay kilikuwamo cha 63 cha Palamcottah, kilichobeba jina la mji ulio kusini kabisa mwa nchi ya Watamil. Vita vile wazee wetu wanavikumbuka kwa nyuki waliotoka mizingani wakawashambulia askari. Baada ya siku tatu nne jeshi likarudi melini limeshindwa, na wengi waliokufa wakazikwa Tanga. Wanaokuja kwa namna hiyo hawaachi mapishi.

Hata hivyo ulimi wetu ulishazoea uchachu juu ya wali zamani sana. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla hajateremka Mombasa na Kilwa, aliandaliwa wali wa samli kwenye sahani kubwa ya mti, na kando yake ndimu za achari, pilipili zilizolowekwa katika siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Aliandika kwamba wenyeji kila wakila tonge la wali hufuatishia kidogo cha vitu hivyo. Mtu anayekula wali na achari ya ndimu leo Tanga anakula vile vile. Puliyodarai imefanya jambo moja la ziada: achari imeingia ndani ya wali wenyewe.

Niliupika Mwera kwa mara ya kwanza mbele ya shangazi yangu, na vita havikuwa vya nyuki. Alikaa juu ya mbuzi, nazi mkononi, akisubiri nimwambie nataka tui la ngapi.

"Huu hauna nazi, shangazi."

"Hauna nazi," akarudia polepole. "Nani kafa?"

Namwelewa. Kwetu wali wa maji ni wa mgonjwa, au wa siku ambayo hamna kitu ndani. Mwanamke wa Pangani anapimwa kwa tui lake. Nami siwezi kusimama mbele ya msomaji nikasema wali wa nazi una mpinzani. Sitasema, kwa sababu siamini. Lakini tui lina udhaifu ambao kila mpishi anaujua: wali wa nazi wa mchana wakati wa joto, ukifika usiku umeanza kuchacha. Mvuvi hawezi kwenda nao baharini akala usiku. Mwanafunzi anayeondoka alfajiri akala saa nane mchana anafungua kopo na kukuta wali una utelezi. Uchachu wa ukwaju huvizuia vimelea visizaliane haraka, mafuta ya ufuta huifunika punje isikauke, na wali unafika ulikotumwa.

Shangazi alikula. Hakusema neno mpaka akamaliza, kisha akauliza kama umebaki wa kesho. Hapo nikajua tumeelewana, kwa sababu wali huu ni ndugu wa kiporo, na pwani hakuna asiyekipenda kiporo.

Sasa tupike. Vipimo hivi vinawatosha watu wanne wenye njaa.

Anza na ukwaju. Chukua ukwaju uliomenywa maganda, kokwa zikiwamo, bonge la kadiri ya ngumi ya mtoto wa miaka mitano, uloweke kwenye vikombe 2 vya maji moto kwa nusu saa. Ukamue kwa mkono mpaka kokwa zibaki uchi, kisha uchuje kwenye chungio. Ukwaju wa msimu huu ni wa hudhurungi na hutoa uchachu mpole; wa mwaka jana, uliokaa guniani ukawa mweusi, ni mkali na unafaa zaidi. Ukipata mweusi, punguza kidogo.

Wakati ukwaju unalowa, kaanga viungo vikavu bila mafuta: giligilani kijiko kikubwa 1, dengu zilizoparazwa kijiko kikubwa 1, pilipili kavu 4, pilipili manga nusu kijiko cha chai, uwatu nusu kijiko cha chai, na mwishoni ufuta vijiko vikubwa 2. Moto uwe mdogo na mwiko usitulie. Giligilani ikitoa harufu na dengu zikiwa rangi ya chai ya maziwa, epua, mwaga kwenye sahani vipoe, kisha twanga kwenye kinu. Usilainishe kama unga wa ngano. Chenga ndogo ndogo ndizo zinazoshika wali.

Hapa niseme kuhusu uwatu, maana uliniharibia chungu kizima mara ya kwanza. Uwatu ukikaangwa vizuri unakuwa na uchungu mdogo unaopendeza, unaozuia uchachu usikere. Ukipita hapo kwa dakika moja tu, ukawa mwekundu wa kuungua, uchungu wake hautoki kwa sukari wala kwa chumvi. Nilijaribu kuuficha kwa sukari guru, nikapata wali mtamu wenye uchungu. Siku hizi nautia uwatu baada ya dengu kuanza kubadilika, nao unatosheka na moto uliobaki.

Mchele ni vikombe 2. Tafuta mchele mrefu uliokaa ghalani, wa Mombo au wa Kyela au wowote wa karibu nawe, mradi si mpya, kwa sababu mchele mpya una unyevu na hugeuka bokoboko. Uchague, uuoshe mpaka maji yawe meupe kidogo tu, uloweke dakika 20, umwage maji yake, kisha upike kwa vikombe 3 na nusu vya maji, chumvi kidogo na kijiko cha mafuta. Ukikauka, palia makaa juu ya mfuniko kama kawaida. Tunataka wali uliochambuka, kila punje na nafsi yake. Ukiiva, umwage wote kwenye sinia, unyunyizie kijiko kikubwa 1 cha mafuta ya ufuta na nusu kijiko cha chai cha manjano, uutandaze kwa mwiko wa mti bila kuuponda, upoe. Wali wa moto ukikutana na rojo hulinyonya na kuvimba. Wali uliopoa huvaa rojo kama nguo.

Watamil, kama sisi, hawana neno moja la nafaka hii. Mpunga wa shambani kwao ni nel, mchele wa gunia ni arisi, wali wa sahani ni soru. Watu wenye majina matatu ya kitu kimoja wanajua kwamba kila hatua ina kazi yake, na nadhani ndiyo sababu shemeji yule aliponiambia "wali upoe kwanza" sikuhitaji kufafanuliwa.

Sasa rojo, na hapa usiondoke jikoni. Pasha mafuta ya ufuta vijiko vikubwa 5. Usiyaonee huruma, ndiyo yanayohifadhi. Yakishika moto tia haradali kijiko cha chai 1 na ufunike nusu, maana zitapasuka na kuruka. Kelele ikipungua, tia karanga mbichi konzi moja na dengu kijiko kikubwa 1, ugeuze mpaka karanga ziwe na rangi. Tia pilipili kavu 3 nzima na majani ya mchuzi, kichala kimoja, ukiyapata. Yakikosekana, endelea bila hayo na usiweke mbadala. Kisha mvuje: unga wake robo kijiko cha chai, au punje ya mvuje mtupu isiyozidi dengu moja. Hesabu moja mpaka tano, na papo hapo mimina maji ya ukwaju. Yatachachamaa na kukurukia, simama mbali.

Tia manjano nusu kijiko cha chai, chumvi vijiko vya chai 2 na sukari guru kipande cha kadiri ya ncha ya kidole gumba. Acha lichemke kwa moto wa kadiri dakika 15 hadi 20. Utaona linapita hatua tatu: kwanza maji ya rangi ya chai, halafu povu zito, halafu linatulia, linang'aa, na mafuta yanapanda juu na kujitenga pembeni. Mwiko ukiburutwa huacha njia chini ya kikaango. Hapo tia ule unga uliotwanga, koroga dakika 2, epua. Onja kwa ncha ya ulimi. Likionjwa peke yake linapaswa kuzidi kila kitu: chumvi, ukali, uchachu. Likiwa zuri kulamba, wali utakuwa chapwa.

Changanya rojo na wali kidogo kidogo, kwa mkono ulioosha vizuri au kwa mwiko, ukinyanyua kutoka chini. Usitie lote; bakisha robo, uone rangi. Kisha fanya jambo gumu kuliko yote, funika na usile. Saa 2 ndizo za chini. Ukiuonja mara tu ukishauchanganya, utalaumu kitabu hiki. Uchachu uko juu, wali uko chini, havijajuana.

Wenyewe huula na papadi za kukaanga au maziwa ya mgando, na hekaluni hauguswi na nyama wala samaki. Nyumbani kwangu naula na changu wa kukaanga, na ukipatikana ng'onda uliochomwa kwenye makaa ukapasuliwa vipande, sitafuti kingine. Sioni kosa. Mwenye hekalu ana mipaka yake ya ibada nami naiheshimu; meza yangu iko Mwera.

Mambo mawili ya usalama, na haya nayasisitiza. Mvuje wa kula ununue dukani kwa wauza viungo, kwenye kikopo kilichofungwa chenye maandishi ya chakula. Ule wa muuza dawa za asili umepita mikono mingi na huenda umechanganywa na vitu visivyoliwa, kwa hiyo uache huko huko. La pili ni kiporo. Kuna vimelea vya mchele vinavyostahimili moto wa kupikia, ambavyo huamka wali ukikaa vuguvugu sufuriani, na sumu yake haiishi hata ukiupasha. Kwa hiyo usiuache wali usiku kucha jikoni ukitumaini ukwaju utauokoa asubuhi. Upoze haraka kwenye sinia, uchanganye na rojo mchana ule ule, na wa kesho uingie kwenye friji. Nyumba isiyo na friji ipike wa siku moja.

Rojo lenyewe ni habari nyingine, nalo ndilo ninalokuomba uanze nalo hata kama wali utaupika wiki ijayo. Kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa na kukaushwa, mafuta yakiwa yamelifunika juu, hukaa mwezi mzima kwenye friji bila kuharibika. Vijiko vitatu vinatosha sahani moja ya wali. Msimu wa ukwaju ukifika, nunua wa kutosha, pika la chupa tatu: moja yako, moja ya mtoto aliye bwenini, na moja mpelekee jirani anayeamini kwamba wali bila nazi ni wa msiba.